Usiku Mrefu wa Quartzsite

Kila aliyesikia kwamba tunakwenda kulala jangwani aliuliza habari ya maji. Wafanyakazi wenzake dada waliuliza maji, jirani aliyetuona tukipakia mizigo aliuliza maji, na mama, kwa simu kutoka Dodoma, aliuliza tena na tena kama tumebeba maji ya kutosha. Hakuna aliyeuliza umeme. Na umeme ndio uliotushughulisha tangu usiku wa kwanza hadi asubuhi tuliyoondoka.

Tulikuwa watatu: dada yangu, ambaye ni muuguzi Phoenix, mumewe, na mimi niliyekuwa nimekwenda kuwatembelea msimu wa baridi. Shemeji anaendesha malori ya masafa marefu na amezoea kulala njiani, kwa hiyo safari hii ilikuwa fikra yake. Alikodi gari-nyumba, gari refu lililojengwa juu ya chesisi ya lori dogo, ndani lina vitanda, jiko la gesi, friji, choo, bafu na meza ya kulia. Kwa kawaida Wamarekani huyaegesha magari haya kwenye viwanja vya kulipia, ambako unachomeka waya kwenye nguzo ya umeme, mpira kwenye bomba la maji safi, na bomba jingine kwenye shimo la maji taka. Ukishachomeka vyote vitatu unaishi kama uko mjini. Sisi tulitaka kuegesha mahali patupu, tuishi kwa tulichobeba.

Quartzsite iko magharibi ya Phoenix, mwendo wa kilomita zipatazo 200 kwa barabara kuu ya I-10, karibu na Mto Colorado na mpaka wa California. Ni mji mdogo sana. Kiangazi joto lake halikaliki, lakini kuanzia Oktoba hadi Machi watu humiminika na nyumba zao za magurudumu kutoka majimbo ya kaskazini na kutoka Kanada, wengi wao wastaafu wanaoikimbia theluji. Mwezi Januari huwa na masoko ya mawe na madini, pamoja na maonyesho makubwa ya magari-nyumba chini ya hema moja kubwa, na uwanda wote hujaa paa nyeupe.

Ardhi yenyewe ni ya umma. Inasimamiwa na idara ya serikali kuu iitwayo Bureau of Land Management, ambayo huko kila mtu huiita BLM tu. Kuna sehemu za bure, ambako unaruhusiwa kukaa hadi siku 14. Na kusini ya mji, pande zote mbili za barabara ya 95, kuna La Posa, eneo lililotengwa kwa wanaokaa muda mrefu. Utaratibu huo ulianza mwaka 1983. Msimu wake ni kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15, na kwa miaka mingi ada ilikuwa dola 180 kwa msimu mzima, au dola 40 kwa siku 14. Hupangiwi mahali wala namba. Unapewa karatasi ya kubandika kwenye kioo, unazunguka, unachagua.

Tulizunguka sana kabla ya kuchagua. Kwanza unakwepa makorongo. Makorongo ya pale ni ya mchanga mweupe, makavu kabisa, yana miti ya kivuli kandokando na yanamvutia kila mgeni. Mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa: mvua ikinyesha milimani, maji yanakufikia wewe uliyelala chini ya anga isiyo na wingu. Pili, unaegesha palipokwisha kuegeshwa. Ardhi ya jangwa hili imefunikwa vijiwe vyeusi vilivyobanana kama vigae, na gurudumu likivivuruga, alama inabaki miaka na miaka. Mwaka 1942 Jenerali George Patton alianzisha kambi za mazoezi ya vita vya jangwani kuvuka mpaka wa California na Arizona, kambi zikafungwa mwaka 1944, na mpaka leo katika jangwa hilo zipo sehemu ambako alama za minyororo ya vifaru bado zinaonekana. Kwa hiyo shemeji alifuata njia iliyokwisha kanyagwa, akasimama kwenye kiwanja ambacho wageni waliotangulia walikuwa wamekizungushia mawe.

Kilichofuata ni kusawazisha gari. Nilidhani ni kwa ajili ya usingizi, kumbe ni kwa ajili ya friji. Friji la gari lile halina kompresa. Linatumia moto mdogo wa gesi unaochemsha mchanganyiko wa maji na amonia, na mchanganyiko huo unazunguka kwenye mabomba kwa uzito wake tu. Gari likiinama sana, mzunguko unakwama na friji linaharibika. Shemeji alitoa pimamaji, ile ile ya mafundi ujenzi, akailaza kwenye sakafu ya friji. Mimi nikakaa nje na kabari za plastiki. “Shem, kushoto, nyuma,” aliita kutoka ndani, nami nikasukuma kabari chini ya tairi, naye akasogeza gari kidogo, akarudi kutazama. Kitone cha hewa kilikataa kukaa katikati. Tukaongeza kabari nyingine. Kilipotulia kati ya mistari miwili aliwasha moto wa friji, na kupitia kidirisha cha nje nikaona ulimi wa buluu usiozidi kidole, ambao ulikuwa ndio baridi yetu yote.

Sasa maji. Tangi letu la maji safi lilikuwa la lita 150, na tulikuwa na madumu mengine ya kunywa. Shirika la mazingira la serikali ya Marekani, EPA, linakadiria kwamba Mmarekani mmoja hutumia nyumbani wastani wa galoni 82 kwa siku, yaani kama lita 310. Kwa kiwango hicho tangi letu lisingemfikisha mtu mmoja jioni. Lakini dada na mimi tulikulia kwenye mgao wa maji, katika nyumba ambayo kila ndoo ilikuwa na kazi yake na maji ya kuoshea mchele yalikwenda kwenye miche. Dada hakuhitaji mafunzo. Siku ya kwanza alifunga koki ya bafu, akachemsha birika, akachanganya kwenye ndoo ndogo, tukaoga kwa kopo. Lita tano zinamtosha mtu mzima na uso wake na miguu yake. Bomba la bafu, likisukumwa na ile pampu ndogo ya gari, lingezimaliza kabla hujajipaka sabuni.

Chombo kilichohitaji akili zaidi ni kile wasichokizungumzia watu, tangi la maji machafu. Gari lina tangi moja la choo na jingine la maji ya sinki na bafu, na hili la pili ni dogo kuliko tangi la maji safi. La Posa hairuhusiwi kuyamwaga maji hayo ardhini, hata yale ya kunawia. Maana yake ni kwamba unaweza kuwa na maji safi tele na bado ushindwe kuosha sahani, kwa sababu huna pa kuyapeleka. Ugali ndio uliotutia majaribuni. Phoenix kuna maduka yanayouza unga mweupe wa mahindi, na shemeji hali mlo mkuu bila ugali, lakini sufuria ya ugali inataka kulowekwa. Dada alitafuta njia. Aliuacha ukoko ukauke juu ya moto mdogo mpaka ukajibandua wenyewe, akautoa vipande tukautafuna na chai, akafuta sufuria kwa karatasi, ndipo akaiosha kwa vikombe viwili vya maji. Maharage yalikuwa yamechemshwa Phoenix. Nyanya na vitunguu vilikuja vimekatwa. Nimepika katika majiko mengi, na sijaona jiko lililosimamiwa kwa ustadi kama lile.

Kwa hiyo maji tuliyamudu. Turudi kwenye usiku.

Mwishoni mwa Januari jua linazama Quartzsite saa kumi na mbili na dakika chache, na halichomozi tena mpaka saa moja na nusu hivi asubuhi. Ni saa kumi na tatu na zaidi za giza. Sisi wa karibu na ikweta hatuna usiku wa namna hiyo mwaka mzima. Na jangwa halihifadhi joto. Mchana tulikaa na mashati mepesi, nyuzi 20 na zaidi, ila jua likishafika nyuma ya milima ya Dome Rock hewa inageuka katika muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, na alfajiri kipimajoto chetu kilisoma nyuzi 4.

Hita ya gari inachoma gesi, na gesi tulikuwa nayo nyingi. Ndiyo maana watu wengi hudhani baridi si tatizo. Lakini joto la gesi linahitaji feni ya kulisukuma ndani, na feni ile inakula ampea saba au nane kila inapozunguka. Ikizunguka nusu ya muda katika saa kumi za usiku, umekwisha tumia karibu ampea-saa 40. Betri zetu mbili kwa pamoja zilikuwa na ampea-saa 160, na betri za risasi na asidi ukizishusha chini ya nusu mara kwa mara unazifupishia maisha, kwa hiyo halali yetu ilikuwa 80 tu. Weka taa, pampu, simu, kifaa cha kunusa gesi kisichozimwa kamwe, na saketi ya friji, na hesabu inakaribia mwisho kabla hakujapambazuka. Juu ya paa kulikuwa na paneli moja ya sola ya wati 100, imelazwa bapa. Jua la Januari huko, hata saa sita mchana, linasimama chini upande wa kusini, kwa hiyo paneli iliyolala inapata mwanga wa pembeni. Ilirudisha kama theluthi ya kile usiku ulichochukua.

Jirani yetu, mzee mmoja kutoka Kanada ambaye huja kila mwaka na mkewe, ndiye aliyetufundisha kusoma betri. Alikuja na kipima volti mfukoni, akakaa kwenye kiti chetu cha kukunja, akatuambia tusipime jioni wakati sola bado inasukuma, kwa sababu namba hiyo inapendeza tu. Tupime alfajiri kabla jua halijagusa paa. Betri iliyojaa na kutulia husoma kama 12.7, na ile iliyofika nusu iko kwenye 12.1 au 12.2. Asubuhi iliyofuata shemeji alitoka na koti juu ya pajama, akafungua sanduku la betri chini ya ngazi, akagusisha nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. 12.2. Alisimama akiitazama ile namba kwa muda, kisha akarudi ndani akasema, “Leo tunapanga upya.”

Tulipanga hivi. Jenereta ya gari, inayonywa petroli ya tangi lile lile la safari, ingewashwa asubuhi wakati betri ziko chini kabisa, kwa sababu betri tupu hupokea umeme kwa kasi na betri iliyokaribia kujaa hupokea kwa matone. Saa mbili zilitosha. La Posa jenereta hazitakiwi kusikika kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi, nasi hatukuiwasha mpaka tumeona wengine wametoka nje. Shemeji alifurahi kugundua kwamba bomba la jenereta halifiki chini ya tangi: petroli ikibaki robo, jenereta inazimika yenyewe, ili usije ukakosa ya kukurudisha mjini. Aliyebuni hilo anastahili heshima.

Chakula cha usiku tukakipeleka saa kumi jioni, jua likiwa bado linaangaza sinki. Simu zilichajiwa mchana. Hita tuliishusha mpaka nyuzi 10, tukalala na soksi na blanketi mbili mbili, na chupa ya maji ya moto miguuni kwa dada. Mzee wa Kanada alituonyesha hita yake mwenyewe, bapa, ya gesi isiyo na feni, inayong’aa wekundu bila moto wa kuonekana wala umeme hata kidogo. Sharti lake ni kuacha dirisha wazi kidogo usiku kucha, kwa sababu inakula hewa ya chumba. Shemeji aliikagua mbele na nyuma, akaipiga picha.

Asubuhi iliyofuata namba ilikuwa 12.4. Sijui kama naweza kueleza furaha ya watu wazima watatu kwa ajili ya nukta mbili za volti. Mjini umeme ni bili inayokuja mwisho wa mwezi, na hujui ni taa ipi iliyokula. Pale unajua. Nilifahamu ile taa ya juu ya jiko, na pampu ikinguruma sekunde chache nilisikia na maji yakienda na umeme ukienda. Nilipenda kuishi hivyo, kwa dhati, na sikuwa napenda kwa sababu ni mateso. Hakukuwa na mateso. Kulikuwa na vitu vichache, na hali ya kila kimoja tuliijua.

Kula mapema kulitupa jambo jingine, nalo ni jioni ndefu nje. Shemeji alikuwa amekuja na kuni, tukakaa na moto mdogo mpaka tukahisi migongo inaganda. Kilimia, ambacho Dodoma hupita upande wa kaskazini, huku kilisimama karibu na utosi. Na chini yake kwa mbali, juu ya taa chache za mji, ilikuwepo nyota ya kaskazini, ambayo nyumbani kusini ya ikweta hatuioni kabisa. Mbweha wa jangwa wanaoitwa koyoti walilia kwa zamu kutoka upande wa korongo, sauti nyembamba inayopanda kwa kasi, na mbwa wa majirani wakawajibu kutoka ndani ya magari.

Siku moja tulikwenda mjini kuzuru kaburi la Haji Ali. Mwaka 1855 Bunge la Marekani lilitenga dola 30,000 kununua ngamia kwa ajili ya jeshi, na mwaka uliofuata ngamia wa kwanza walishushwa Texas pamoja na watu wa kuwahudumia kutoka nchi za milki ya Waturuki. Haji Ali alikuwa mmoja wao. Mwaka 1857 ngamia hao walifuatana na Edward Beale katika msafara wa kupima njia kuelekea Mto Colorado, na walionyesha uwezo wao wa kustahimili kiu, lakini farasi na nyumbu waliwaogopa, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861 mradi ulikufa. Yeye alibaki. Alibeba mizigo, akatafuta madini, mwaka 1880 akapata uraia kwa jina la Philip Tedro, na akafariki mwaka 1902. Wamarekani walimwita Hi Jolly, na ndivyo ilivyoandikwa kaburini, chini ya piramidi ya mawe ya huko yenye ngamia wa shaba kileleni, iliyojengwa mwaka 1935. Shemeji, ambaye ni Mwislamu, alisimama pembeni akamsomea Fatiha. Nilifikiri juu ya mtu huyo kuliko nilivyofikiri juu ya majenerali: amevuka bahari kwa kazi ya wanyama, serikali ikaghairi, naye akajenga maisha katika nchi ile ile kavu aliyoletwa kuipima.

Asubuhi ya kuondoka tulipita La Posa Kusini, kwenye shimo la kumwagia na mabomba ya maji safi. Foleni ilikuwa ndefu na watu walikuwa wapole. Utaratibu una sababu zake. Unavaa glovu, unafunga mpira mnene kwa nguvu, unafungua kwanza tangi la choo mpaka liishe, ndipo unafungua la sinki ili maji ya sabuni yasafishe mpira. Mpira wa maji safi haukaribii hapo, una sanduku lake upande wa pili wa gari. Shemeji alifanya yote bila kusema neno, kisha akatazama vipimo ukutani. Maji safi yalikuwa yamebaki zaidi ya robo ya tangi. Dada alimpigia mama papo hapo kumweleza.

Barabarani walianza kubishana juu ya safari ijayo. Shemeji anataka Januari tena, kwa ajili ya masoko, na tayari ameulizia bei ya hita kama ya yule mzee. Dada anataka Machi. Mimi nipo upande wa dada: Machi usiku na mchana vinakaribiana, jua limepanda juu kiasi cha kuinufaisha hata paneli iliyolala, na alfajiri haina ukali wa kuiwasha feni mfululizo. Betri zile zile, gari lile lile, tungekaa muda mrefu zaidi, na jenereta ingebaki kimya.